Kilicholala Kwenye Tope

Kiangazi cha Februari, Mto Nairobi hupungua mpaka kingo zake hubaki wazi. Mwaka juzi niliteremka kando ya Barabara ya Kirinyaga, mahali mafundi wa magari wanapomwaga oili iliyokwisha kazi, nikachota tope kwa kopo la siagi. Lilikuwa jeusi tititi, laini kama uji wa wimbi, na lilinuka mayai viza. Nikalipeleka nyumbani Kangemi, nikalitandaza juu ya gazeti penye dirisha. Asubuhi ya pili kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa za kijivu. Siku ya tano lote lilikuwa na rangi ya kutu, limepasukapasuka, na harufu imekwisha. Jirani aliyepita kunijulia hali akalitazama, akasema, "Sasa limekuwa safi, mzee."

Sikumjibu siku ile, maana jibu lake ni refu. Tope lile lilipokuwa jeusi na kunuka, metali zilizomo zilikuwa zimefungwa. Lilipopata hewa, kufuli likaanza kufunguka. Naliandika jibu sasa kwa sababu mji wetu umeingia msimu wa kuchimba mito yake, na tope lililolala kwa vizazi vitatu linaamshwa kwa koleo na tingatinga.

Mto wenyewe huanzia Ondiri, kinamasi kilicho karibu na mji wa Kikuyu. Huteremka Dagoretti na Kawangware, ukapita chini ya Lavington, na huko Chiromo uko karibu kukutana na maji ya Kirichwa yanayotoka Kileleshwa na Arboretum. Huko magharibi udongo ni mwekundu, ule unaoganda kwenye viatu vya watoto wa shule kila mvua inyeshapo. Wekundu wake ni kutu: kila chembe imevikwa ngozi nyembamba ya chuma kilichooza. Ngozi hiyo hupenda kushika metali nyingine. Zinki, shaba, risasi, kadimi, zote hunata juu yake zikipita kwenye maji. Kwa hiyo mvua inaposomba udongo wa Dagoretti kuuleta mjini, haileti uchafu tu. Inaleta pia kitambaa cha kufutia. Sehemu kubwa ya metali ambazo mji huu umezitupa hazikusafiri zikiwa zimeyeyuka, zilipanda mgongoni mwa udongo, na udongo ulipochoka ukalala, zikalala nao.

Wamaasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilifika Mei 1899, na uwanda wa kinamasi ukawa stesheni, kisha kambi, kisha mji. Chuma, shaba, rangi na grisi viliingia kwa treni. Kati ya mji na mteremko wa Ngara palikuwa na mafunjo, na sehemu kubwa ya eneo hilo ilinunuliwa na mlowezi Ewart Grogan, ambaye jina lake lilikaa kwenye barabara mpaka ilipobatizwa upya Kirinyaga, na mafundi wa leo bado husema "niko Grogan." Kinamasi ni mlinzi mzuri. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, mashapo yakatua, metali zikatua nayo. Kilipokaushwa ili pajengwe maduka na gereji, mto ulibaki mfereji, na mfereji haulindi kitu.

Halafu ikaja risasi. Kiswahili kimeipa metali hii jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kukitengenezea. Lakini iliyoenea mjini ilipitia bomba la moshi. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba ukitia mchanganyiko wa risasi katika petroli, injini haigongi. Kuanzia 1923 mafuta hayo yakauzwa, na baadaye dunia nzima ikayatumia. Kila gari la petroli lililopita Delamere Avenue, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, lilipuliza vumbi laini la risasi, jepesi kuliko unga. Lilitua juu ya lami na mabati, na mvua ya masika ikalisukuma mitaroni. Mitaro ya katikati ya mji yote huishia mahali pamoja.

Hapa lazima niondoke Nairobi kidogo, niende kaskazini mwa dunia, kwa sababu huko ndiko watu walikojifunza kulisoma tope.

Sweden na Norway zina maziwa maelfu kwa maelfu, mengi yakiwa juu ya mwamba wa matale usio na chokaa. Katikati ya karne iliyopita wavuvi wa huko walianza kuona jambo lisiloeleweka: maji yalizidi kuwa maangavu na samaki wakawa wanatoweka. Mwaka 1967 mtaalamu wa udongo Svante Odén alieleza chanzo gazetini, na watu wakashtuka. Moshi wa makaa ya mawe kutoka Uingereza na bara la Ulaya ulikuwa ukipaa na salfa yake, ukavuka bahari na mipaka, ukarudi chini kama mvua ya tindikali. Mwamba usio na chokaa hauna cha kuizimua tindikali hiyo. Maji yakawa makali, na ukali ule ukaanza kuvuta metali kutoka kwenye udongo na mashapo. Alumini, ambayo udongo wowote unayo tele bila kumdhuru mtu, iliyeyuka na kuziba mashavu ya samaki, wakafa kwa kukosa pumzi. Zebaki nayo ikaongezeka katika nyama ya samaki waliobaki.

Ukitaka kuona tindikali inavyofanya kazi, fikiria matatu iliyojaa saa kumi na moja jioni. Viti ni chembe za udongo na majani yaliyooza. Abiria walioketi ni zinki, kadimi, shaba na risasi. Tindikali maana yake ni umati wa haidrojeni unaopanda kwa kusukumana na kutaka viti vilevile. Wakiwa wachache, hakuna anayeondolewa. Wakizidi, walioketi wananyanyuliwa mmoja mmoja na kushushwa barabarani, yaani majini. Zinki na kadimi ndizo huachia kiti mapema. Risasi ni mzito wa kunyanyuka, lakini naye, ukali ukizidi, hushuka.

Watafiti wa kaskazini wakatumbukiza mabomba marefu kwenye vitako vya maziwa, wakayavuta juu yakiwa na tope lililopangika tabaka kwa tabaka, la zamani chini na la jana juu. Mwaka 1994 Ingemar Renberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå walionyesha kwamba tope la maziwa ya Sweden lina risasi iliyoanguka kutoka angani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nyakati za Wagiriki na Warumi waliokuwa wakiyeyusha fedha kusini mwa Ulaya. Kilele cha risasi ya petroli kimo pia, wazi kama pete kwenye gogo. Lakini tope lina mahali linapodanganya. Katika maziwa yaliyogeuka makali, zinki ya tabaka za juu hupungua, na mtu asiyejua atasema uchafuzi umepungua. Sivyo. Zinki haikukubali kulala. Ilibaki majini na kutiririka zake.

Sweden haikuweza kumaliza shauri hilo peke yake, maana moshi ulikuwa wa wengine. Ndiyo iliyoshauri Umoja wa Mataifa uitishe mkutano wa mazingira, na mkutano ukafanyika Stockholm Juni 1972, Waswidi wakiwa na ripoti yao ya mvua ya tindikali mkononi. Kutoka hapo, Desemba mwaka uleule, likazaliwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Nchi za kusini zilidai nalo liwe kwao, na Balozi Joseph Odero-Jowi wa Kenya akaongoza kampeni dhidi ya miji kama New Delhi. Nairobi ikashinda. Mwaka 1973 shirika likaanza kazi katikati ya mji, ndani ya jumba la mikutano la KICC lililokuwa ndiyo kwanza limekamilika, jengo lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorway, pamoja na David Mutiso wetu.

Kila nikipita uwanja wa KICC huwa nasimama kidogo kwa ajili ya jambo hilo. Samaki waliokufa katika maziwa ya Sweden ndio, kwa sehemu, waliolileta shirika lile hapa. Na kutoka KICC mpaka mtoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwaka huohuo wa 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria kihalali, magari yakazidi, petroli yenye risasi ikazidi. Wakati wataalamu wa dunia wanapanga meza zao ghorofani, tabaka la risasi lilikuwa likinenepa kwenye tope la mto ulioko bondeni. Silisemi kwa kuwalaumu. Baadaye shirika likahamia Gigiri, na kutoka huko lilifanya kazi kubwa ambayo nitaifikia.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake walitembea kutoka KICC hadi bustani ya Kamukunji, wakapanda miti saba. Mto hupita karibu na Kamukunji. Ng'ambo ya bustani ile yalikuja kukua mabanda ya jua kali ambayo kila Mnairobi anayajua kwa masikio kabla ya macho: nyundo juu ya mabati tangu alfajiri, mapipa yakigeuzwa majiko, masanduku ya shule, karai, wilbaro. Naipenda kazi ile. Imelisha na kusomesha watu wengi kuliko viwanda vingi vyenye mageti. Ila chuma hakifuliwi bila kuacha vumbi, na betri iliyokufa haivunjwi bila maji yake kumwagwa. Nimemwona kijana mmoja huko Grogan akiinamisha betri ya lori juu ya mtaro. Maji yake ni tindikali ya salfa kali, na tindikali hiyo imeshalala miezi na bamba za risasi. Ilipogusa udongo ilitoa povu na sauti kama ya mafuta kwenye kikaango. Kisha akaweka bamba kando, kwa muuza skrepu, maana risasi ina bei. Maji ya betri hayana bei.

Kwa hiyo tindikali yetu sisi haitoki angani. Mvua ya Nairobi si ile ya Norway, na maji ya mto, yakipimwa, mara nyingi hayako mbali na katikati, si makali wala si ya magadi. Hapo wengi hupumua, wakidhani kisa cha maziwa ya kaskazini hakituhusu. Kinatuhusu, ila kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni majitaka. Kinyesi na mabaki ya machinjio na masoko vikiingia mtoni, vijidudu huvila na kuvuta hewa yote ya majini. Hewa ikiisha, vijidudu vingine huchukua nafasi, wale wanaoishi bila hewa, na wao hutumia salfa. Wanachotoa ni ile gesi ya mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma hutengeneza kitu cheusi, ndiyo sababu tope la Kirinyaga ni jeusi. Ikikutana na risasi, zinki, shaba au kadimi, huzifunga kwa nguvu sana, zikawa punje ndogo zisizoyeyuka. Inashangaza, lakini ni kweli: uozo wenyewe ndio umekuwa askari wa gereza. Ila askari huyu ana sharti moja, asiguswe na hewa. Tope likichimbwa na kuanikwa, salfa ile hugeuka tindikali ya salfa, ileile ya kwenye betri, na ikatengenezwa humo humo ndani ya tope, ubavuni mwa metali zilizokuwa zimefungwa. Kutu niliyoiona kwenye gazeti langu ni chuma kilichoachwa huru. Tope likiwa na chokaa ya kutosha, makali yake huzimwa. Lisipokuwa nayo, kila tone la mvua linalopita juu yake huondoka na kitu.

Na kuna tatizo jingine juu ya hilo. Metali zilizoshikwa na kutu ya udongo mwekundu huachiliwa hewa ikikosekana, na zilizofungwa na salfa huachiliwa hewa ikirudi. Mto ambao kiangazi ni majitaka matupu na masika ni gharika hupitia hali zote mbili kila mwaka.

Mahali pa kuliona hili vizuri ni Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953 kwa kuuziba mto wa Motoine, unaotoka pande za Dagoretti na msitu wa Ngong, ili mji uwe na akiba ya maji. Watu walipiga tanga pale. Klabu ya mashua ilikuwa na nyumba yake ukingoni, na wazee wa Kibera wanakumbuka kuvua samaki. Kisha mabonde ya juu yakajaa watu bila kupewa mabomba ya majitaka, na lawama ya hilo si ya aliyehamia bali ya aliyepanga mji. Motoine ikageuka mfereji. Bwawa likajaa tope na taka, gugu maji likafunika uso wake wote kiasi cha mgeni kudhani ni malisho.

Bwawa ni ziwa, na hufanya kazi ya ziwa: mto ukiingia hupoteza mwendo, na kila ulichobeba hushuka. Zinki ya mabati ya Kibera, ambayo kila mvua huikwangua kidogo kutoka kwenye paa, imo. Risasi ya petroli ya Barabara ya Ngong imo. Betri za redio na rangi zimo. Watafiti wetu wa vyuo vikuu wamepima mara nyingi mashapo ya mito hii na kukuta metali hizo. Leo sehemu kubwa ya bwawa ni ardhi unayoweza kuikanyaga. Watu wamepanda nduma, miwa na sukuma wiki. Nduma hupenda tope, na kadimi hupenda mimea. Ikiwa huru majini, mizizi huivuta bila kujua kwamba si chakula. Anayelima pale analisha watoto, na hana shamba jingine.

Juhudi zimekuwapo, na nyingine zilizaa. John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008 mpaka kifo chake Februari 2012, aliwahamisha walioziba kingo za mto karibu na mzunguko wa barabara wa Globe, akaamuru uchafu utolewe, na bustani ya hapo ikabaki na jina lake. Jambo kubwa zaidi, kwa hesabu yangu, lilifanyika bila tingatinga. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa risasi katika petroli. UNEP, kutoka Gigiri, ilishika usukani wa kazi hiyo duniani tangu 2002. Mwaka 2006 ulipoanza, Kenya ilikuwa imeiacha. Algeria ikawa ya mwisho ulimwenguni, Julai 2021, na tarehe 30 Agosti mwaka huo tangazo la kwamba petroli yenye risasi imekwisha duniani lilitolewa hapa Nairobi. Shirika lililozaliwa na tope la kaskazini lilifunga bomba lililokuwa likilisha tope letu.

Bomba limefungwa, lakini lililokwisha kumwagika liko palepale. Risasi haiozi, wala haichakai. Mwaka 2007 uchunguzi wa UNEP kuhusu jaa la Dandora, kando ya mto huku chini zaidi, ulipima watoto 328, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango kinachohesabiwa kuwa sumu au zaidi. Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri waliipigania haki yao, Phyllis Omido akiwa mbele, hadi Mahakama ya Juu ilipowarudishia fidia yao Desemba 2024. Watu hao wametufundisha gharama ya risasi iliyoachwa kwenye udongo ambao watoto wanachezea.

Aprili 2024 mito ilifurika. Mathare, Kibera, Kawangware, watu walipoteza jamaa na nyumba. Maji yale yalikwangua vitako vya mito na kumwaga tope jeusi ndani ya nyumba, na kina mama walilizoa kwa karai bila glavu. Baada ya hapo kazi ya kusafisha mito ikaanza kwa ukubwa ambao sijawahi kuuona. Vijana wa mpango wa serikali wa ClimateWorx wakashuka mabondeni, na Machi 2025 Rais akazindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi. Nawaunga mkono vijana wale kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba kabla ya bwawa kuchimbwa, mabomba yatumbukizwe kwanza kama walivyofanya Umeå, tabaka zisomwe, ijulikane tope la miaka ipi limebeba nini. Tope litolewalo lipelekwe mahali palipotandikwa lisivuje, na lichanganywe na chokaa. Waswidi wamemwaga chokaa katika maziwa yao tangu miaka ya 1970, na sisi chokaa tunayo, Athi River hapo. Na anayeligusa apewe buti na glavu. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji elimu ambayo wanasayansi wa chuo kikuu pale Chiromo hawana. Maabara zao zinautazama mto kutoka juu ya ukingo.

Mapema mwaka huu nilirudi palepale nilipochota kopo langu. Mto ulikuwa umechimbwa, umepanuka, unapendeza kwa macho. Tope lilikuwa limerundikwa ukingoni kwa urefu wa mtu, mstari mmoja mpaka darajani. Upande uliokabili jua ulikuwa umeshapata rangi ya kutu, na chini yake kidimbwi kidogo cha maji ya manjano kilikuwa kikichuruzika kurudi mtoni. Watoto wawili wenye sare za shule walikuwa wamepanda juu ya rundo, wakiteleza kwa matako mpaka chini, wakicheka, wakipanda tena.